Zipu ya Mia Tano Isikuzuie Kuuza Sketi ya Elfu Kumi na Mbili: Namna ya Kupanga Vifaa na Kazi Kabla ya Msimu

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri, chukua daftari na kalamu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kalemela, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Karakana yetu ina watu watatu: mimi na mafundi wawili. Kazi zetu ni nyingi lakini hela ya mwaka inatoka kwenye sare za shule, na sare za shule zina mwezi mmoja tu, Januari. Ukipishana na Januari, umepishana na mwaka.

Nimeona nizungumzie jambo hili mapema maana kila mwaka, wiki ile ya shule kufunguliwa, mafundi kibao huku kwetu wanakimbizana na gari za Mwanza kufuata zipu. Yaani sketi zimekatwa, zimeshonwa pembeni, zimewekwa mkanda, zinangoja zipu tu. Mzazi amekaa kwenye benchi anakwambia, "Fundi, mwanangu anaanza la kwanza kesho." Zipu ni shilingi mia tano. Sketi ni elfu kumi na mbili. Elfu kumi na mbili imekaa mezani inasubiri mia tano, na mtoto kesho anaenda shule na nguo ya nyumbani.

Hapo wengi tunasema tatizo ni mtaji. Kwa mtu ambaye tayari ana kitambaa cha sketi 100 ndani, mtaji anao. Kinachokosekana ni mpango wa vifaa na wa kazi. Hili halihusu cherehani peke yake. Anayeoka mikate akikosa hamira, unga wote hauna kazi. Anayetengeneza sabuni akikosa kostiki soda, mafuta yanamtazama. Anayesaga karanga akikosa makopo, mali iko kwenye ndoo na mteja wa dukani haitaki ndoo. Kila kazi ya kutengeneza kitu ina zipu yake. Jiulize ya kwako ni ipi.

KWANZA, UJUE MSIMU WAKO UMEKAAJE

Sisi watu wa Simiyu tumezaliwa kwenye pamba. Angalia kiwanda cha kuchambua pamba kinavyoishi. Pamba inaanza kununuliwa kama mwezi Mei, inamiminika miezi michache, halafu basi. Malighafi inakuja mara moja kwa mwaka, lakini nyuzi na mbegu zinaendelea kuuzwa baadaye. Kwa hiyo mwenye kiwanda kichwa chake kiko kwenye kununua na kuhifadhi. Anajua pia hesabu ya kinachotoka: kwa makadirio, kilo tatu za pamba mbegu zinatoa kilo moja hivi ya nyuzi, na sehemu kubwa ya inayobaki ni mbegu za kukamua mafuta na mashudu. Hawezi kumuahidi mnunuzi nyuzi bila kujua ana pamba mbegu kiasi gani.

Sisi washona sare tumekaa kinyume chake. Kitambaa kipo Mwanza mwaka mzima. Mteja ndiye anayekuja mara moja. Kwa hiyo kichwa chetu kiwe kwenye muda: kazi ianze lini ili Januari ikifika mali iwe imeshatundikwa ukutani.

Na kuna jambo la pili ambalo mtu wa Dar anaweza asilione. Huku kwetu hela ina miezi yake. Pamba ikilipwa, mtaa unachangamka, kuanzia katikati ya mwaka. Ikifika Novemba na Desemba watu wako shambani, hela imegeuka mbegu, dawa na vibarua. Halafu Januari ndiyo shule. Tangu Januari 2016 serikali ilipoanza elimu bila ada, mzazi hadaiwi ada shule ya msingi wala sekondari ya kawaida ya serikali, lakini sare bado ni mfukoni mwake. Maana yake mteja wako anakuja kwako katika mwezi ambao hana hela, na wewe unatakiwa kununua kitambaa katika mwezi ambao huna hela. Hii ndiyo sababu ya kuanza kupanga Julai.

PILI, KISIA KIMOJA, VINGINE HESABU

Kuna bwana anaitwa Joseph Orlicky, alifanya kazi kampuni ya IBM huko Marekani. Mwaka 1975 alitoa kitabu kuhusu namna viwanda vinavyopaswa kupanga vifaa. Jambo lake kubwa ni rahisi sana, hata fundi wa chini ya mwembe analitumia bila kujua jina lake. Kuna mahitaji unayakisia, na kuna mahitaji unayahesabu. Wateja wangapi watataka sketi Januari? Hilo unakisia, hakuna anayejua. Lakini ukishasema sketi ni 100, zipu hukisii tena. Kila sketi ina zipu moja, basi zipu ni 100. Kifungo, mkanda, uzi, vyote vinafuata.

Kosa linalofanyika mitaani ni kukisia kila kitu. "Nipe vifungo vya kutosha." Vya kutosha ndo vingapi? "Niongezee na zipu kidogo." Unarudi nyumbani na vifungo vya kushona mpaka mjukuu, halafu zipu zinaisha tarehe 4.

Tufanye hesabu pamoja. Namba hizi ni za karakana kama yetu, zako zitakuwa tofauti, lakini njia ni ileile.

Angalia daftari la mauzo la Januari mbili zilizopita. Tuseme unaona mashati yanacheza 140 na sketi 90. Umeamua mwaka huu mashati 150, sketi 100.

Sasa andika kila nguo inakula nini:

Shati moja: kitambaa cheupe mita 1.25 kwa wastani wa saizi, vifungo 6, kipande kigumu cha kola, uzi mweupe.

Sketi moja ya marinda: kitambaa cha bluu mita 1.5, zipu 1, kifungo 1, uzi wa bluu.

Zidisha:

Kitambaa cheupe: 150 × 1.25 = mita 187.5
Kitambaa cha bluu: 100 × 1.5 = mita 150
Vifungo: (150 × 6) + 100 = 1,000
Zipu: 100

Usikimbilie dukani bado. Sasa ingia stoo, hata kama stoo yako ni sanduku chini ya kitanda, uhesabu kwa mkono kilichopo. Tuseme umekuta cheupe mita 20, bluu mita 12, vifungo 180, zipu 16. Toa.

Cheupe: 187.5 − 20 = 167.5, nunua mita 170.
Bluu: 150 − 12 = 138, nunua mita 140.

Kwa vitu vidogo, ongeza vya kuharibika kabla hujatoa. Zipu nyingine meno yanaachia, kifungo kingine kinapasuka. Zipu 5 za akiba: 105 − 16 = 89. Zipu zinauzwa kwa dazani, kwa hiyo ni dazani 8, yaani 96. Vifungo 30 vya akiba: 1,030 − 180 = 850. Vinauzwa kwa grosi ya 144, kwa hiyo grosi 6, yaani 864.

Umeona? Zimebaki zipu saba na vifungo kumi na vinne juu ya hesabu, basi. Hakuna hela iliyolala, na hakuna sketi itakayosubiri. Karatasi hii moja ndiyo unayopanda nayo gari kwenda Mwanza. Ukifika dukani muuzaji akikwambia "chukua na hii, imeingia mpya", angalia karatasi. Kama haipo, mwambie ahsante, siku nyingine.

TATU, HESABU SIKU KWA KURUDI NYUMA

Hapa ndipo wengi tunapoangukia. Tunahesabu kuanzia leo kwenda mbele. Anza na siku ambayo mali inatakiwa iwe tayari, urudi nyuma.

Tuseme unataka kila kitu kiwe kimekamilika tarehe 20 Desemba, kabla ya sikukuu. Fundi mmoja kwa siku anamaliza mashati 5, au sketi 7. Mashati 150 ni siku 30 za fundi mmoja. Sketi 100 ni siku 15 kwa kukadiria juu. Jumla 45. Mimi nakata na kuhudumia wateja, wanaoshona ni wawili, kwa hiyo ni siku 23.

Ongeza siku 4 za kukata. Ongeza siku 3 za matundu, vifungo na pasi. Halafu ongeza siku 5 za mambo ya dunia: umeme kukatika, msiba, mtoto wa fundi kuumwa, cherehani kugoma. Usiniambie kwako hayatokei. Jumla ni siku 35 za kazi. Kwa wiki ya siku sita, hizo ni kama wiki sita.

Wiki sita nyuma kutoka tarehe 20 Desemba ni karibu tarehe 8 Novemba. Kwa hiyo kitambaa kiwe ndani wiki ya kwanza ya Novemba. Safari ya Mwanza iwe mwishoni mwa Oktoba. Hela ya kitambaa iwepo Oktoba. Na mtu yeyote anayeishi Simiyu anajua Oktoba ilivyo kavu. Ndo maana nasema Julai.

Na ukiona siku hazitoshi, punguza idadi mapema au tafuta fundi wa msaada mapema. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipotambulisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano alisema kupanga ni kuchagua. Ukichagua kushona mashati 150 vizuri, huenda suruali za watu wazima zikasubiri Februari. Mwambie mteja wa suruali ukweli mwezi Novemba. Atakasirika kidogo, lakini ni nafuu kuliko umpige kalenda mpaka Pasaka.

NNE, NUNUA KWA AWAMU, KULINGANA NA KINACHOOZA NA KISICHOOZA

Utasema vitambaa haviozi. Vinaoza, ndugu yangu. Mali inaoza pale ambapo hakuna mtu mwingine wa kuiuza. Mimi navigawa hivi:

Visivyooza: zipu, vifungo, nyuzi, kitambaa cheupe. Shati jeupe linavaliwa shule nyingi, mwaka huu na mwaka ujao. Hivi nunua Julai na Agosti hela ikiwa inazunguka. Ni vidogo, havili nafasi, na ndivyo vinavyopotea madukani watu wote wakivitaka kwa wakati mmoja. Cheupe kifunge kwenye nailoni, vumbi letu unalijua.

Vinavyooza polepole: kitambaa cha rangi ya sketi. Shule ikibadili rangi umebaki nacho. Nunua Oktoba, baada ya kuuliza shuleni kwa mwalimu mkuu mwenyewe. Usiulize mtaani.

Vinavyooza haraka: chochote chenye nembo ya shule moja, na sare za kidato cha kwanza. Majina ya waliochaguliwa kwa kawaida yanatoka Desemba. Kabla ya hapo hata mzazi hajui mtoto anapangiwa shule gani. Ukikata mapema unabahatisha. Hapa weka kitambaa kikiwa kizima, usiguse mkasi mpaka mzazi aje na karatasi ya maelekezo ya shule.

TANO, CHELEWESHA UAMUZI USIO NA HARAKA

Saizi ndiyo mtego mkubwa wa sare. Unashona sketi 100, Januari inakuja unajikuta umebaki na 30 za watoto wadogo, wakati wanaokuja wote ni wa darasa la tano.

Kampuni ya Benetton ya Italia ilikuwa na shida kama hiyo kwenye rangi za sweta. Hawakujua msimu ujao watu watapenda rangi gani. Walichofanya ni kufuma sweta nyingine bila rangi, halafu kuzitia rangi mwishoni wakishaona soko linaelekea wapi. Kazi ndefu ilishafanyika, kilichobaki ni hatua fupi.

Sisi tunaweza kufanya hivyohivyo na cherehani ya miguu. Saizi za katikati, ambazo daftari linaonyesha zinatoka sana, maliza kabisa. Saizi za pembeni, kubwa sana na ndogo sana, shona chache tu, zilizobaki acha kitambaa. Upindo wa chini wa sketi usiufunge. Acha kipande kirefu, mtoto akija unapima, unapinda, dakika kumi ameondoka. Mzazi naye anafurahi maana mwakani anaushusha. Nembo nayo ishonwe mwisho, mteja akiwa mbele yako.

SITA, USIFURAHIE RUNDO LA VILIVYOKATWA

Kuna fundi ukiingia kwake unaona rundo la vitambaa vilivyokatwa mpaka dirishani, unasema huyu jamaa ana kazi. Ukiuliza ngapi zimekwisha, nne. Nguo iliyokatwa haijawa nguo, na imeshaacha kuwa kitambaa. Huwezi kuiuza wala kuirudisha.

Sisi tunakwenda kwa mafungu. Tunakata 50, tunashona 50, vifungo 50, pasi, zinatundikwa. Kisha fungu lingine. Ukikata moja moja unapoteza kitambaa, ukikata zote unapoteza mwelekeo, kwa hiyo 50 kwetu inatosha. Mashati meupe tunayamaliza kwanza, halafu bluu. Sababu ni kwamba kila ukibadili rangi unabadili uzi kwenye cherehani zote na kwenye ovaloki, muda unakwenda. Na cheupe kinataka mashine iliyofutwa mafuta vizuri.

Kwa vifungo na nyuzi tuna ujanja mdogo. Kila kitu kina mifuko miwili. Tunatumia mfuko wa kwanza, wa pili umefungwa kwa kamba. Siku kamba inafunguliwa, siku hiyohiyo inaandikwa kwenye karatasi ya manunuzi. Fundi yeyote anaweza kuandika, si lazima awe bosi.

SABA, HELA YA KADI SI FAIDA

Sasa turudi kwenye ule ukame wa Oktoba. Hapa kwetu mzazi anaweza kuanza kulipia sare wakati wa pamba, kidogokidogo. Shati elfu kumi na sketi elfu kumi na mbili ni 22,000. Analipa 5,000 Juni, 5,000 Julai, 5,000 Agosti, na 7,000 Desemba akija kuchukua. Anakuwa na kadi, mimi nina daftari, kila malipo tunasaini wote wawili.

Wazazi 20 tu wakifanya hivyo, mwisho wa Agosti una 300,000. Hiyo inanunua zipu, vifungo, nyuzi na kitambaa cha kuanzia bila kukopa kwa mtu. Tena umeshajua wateja 20 wa uhakika na umeshawapima. Katika zile sketi 100 za kukisia, 20 hukisii tena.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Hela ile ni ya mtoto wa mtu. Ni deni mpaka siku amevaa. Isiende kwenye mchango wa harusi, isiende kwenye mbuzi, isiende kulipa pango. Ikiingia, igeuzwe kitambaa na vifaa. Kalemela ni ndogo, tunakutana sokoni, tunakutana kwenye misiba. Mtoto mmoja akikosa sare aliyolipiwa tangu Juni, mama yake hatakuja kupiga kelele dukani kwako. Atawaambia wenzake kisimani, na Januari ijayo kadi hazitakuwepo. Jina likishaharibika, hakuna dazani ya kulinunulia.

KAZI YA WIKI HII

1. Chukua bidhaa yako moja inayotoka sana. Andika kila kitu kinachoingia ndani yake, hata kile cha shilingi hamsini.
2. Tafuta zipu yako: kitu kimoja ambacho kikikosekana kazi yote inasimama, na kinapatikana mbali.
3. Hesabu kwa mkono ulichonacho ndani. Kwa mkono, sio kwa kichwa.
4. Andika tarehe ambayo mali inatakiwa iwe tayari, rudi nyuma siku za kazi, weka na siku za dharura. Tarehe utakayoipata ndiyo ya kuanza. Kama imeshapita, punguza idadi leo.
5. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kufunga, andika safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Daftari la kawaida linatosha.

Wewe unayeoka, unayetengeneza sabuni, unayechomelea mageti au unayesaga unga, tuandikie hapo chini: zipu ya kazi yako ni ipi, na unainunua mwezi gani? Na kama kuna fundi unayemjua ambaye kila Januari anafukuzana na gari la Mwanza, mtumie hii mapema.

Kazi njema.